Kusoma Kiingereza Maposeni: Kutoka Ubaoni hadi Kishikwambi

Kumfundisha mtoto wa Maposeni kusoma Kiingereza ni kumfundisha kusoma lugha ya tatu, kwa kuwa katika kata hii ya Wilaya ya Songea, jirani na misheni ya Peramiho iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, Kingoni husikika katika nyumba nyingi, Kiswahili hutawala shuleni na sokoni, nacho Kiingereza hukutwa darasani tu. Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, Kiingereza kilibaki kuwa somo, ingawa kiliendelea kutumika sekondari. Waliosoma miaka ya 1970 na 1980 wanakumbuka ubao, chaki na kitabu kimoja kilichozungukwa na wanafunzi kadhaa: mwalimu alisoma sentensi, darasa likaitikia kwa pamoja, na wengi waliikariri bila kuyatambua maneno yake moja moja. Huo haukuwa uvivu. Mtoto aliyezoea Kiswahili, ambamo kila irabu ina sauti yake moja, alikutana na herufi u inayotamkwa kwa namna mbili katika "cut" na "put", wala hakuwa na sauti nyingine ya kumwongoza isipokuwa ya mwalimu wake.

Mabadiliko yalianza kwa vitu vya kawaida kabisa. Mwalimu alikata boksi la sabuni likawa kadi, upande mmoja akachora jembe, upande wa pili akaandika "hoe". Mwanafunzi alilitaja neno kwa kuangalia picha, akaigiza kulima, kisha akaigeuza kadi na kulisoma. Hizo ndizo zana mseto, yaani nyenzo zinazounganisha maandishi, picha, sauti na vitendo ili maana imfikie msomaji kwa milango ya fahamu zaidi ya mmoja, na kwa thamani ya ufundishaji kadi hiyo haipungukiwi kitu mbele ya kifaa chochote cha umeme.

Vifaa vya umeme navyo vilifuata. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye televisheni. Baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu. Na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta Kiingereza darasa la kwanza badala ya la tatu. Katika darasa lililojaa, picha ya kishikwambi kimoja haiwafikii walioketi nyuma, lakini sauti yake, ikipitishwa kwenye spika ndogo, huwafikia wote. Kwa hiyo halmashauri na kamati za shule zinaponunua vifaa, zianze na spika na karatasi za manila za kutengenezea kadi kabla ya kuongeza vishikwambi.