Gitaa Lililovunjika Safarini

Siku hizi mizigo mingi ya vijijini husafiri kwa basi. Bila shaka nawe umewahi kwenda stendi kupokea mzigo. Pengine ni dawa ya mifugo, au kipuri cha mashine ya kusaga, au sare za watoto wa shule. Karani anafungua kitabu. Anakuonyesha mstari kwa kidole. Anasema, "Weka sahihi hapa." Unaweka sahihi, unabeba mzigo wako, unakwenda zako.

Je, umewahi kusoma maneno yaliyo juu ya mstari huo?

Nitakueleza habari ya gitaa moja. Kazi yangu ni elimu ya watu wazima. Nilipopata cheti nilipangiwa kazi wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma. Kuna darasa moja huko lenye watu 23, wanawake kwa wanaume. Ni darasa la waimbaji. Wanatunga nyimbo juu ya kahawa, juu ya maji safi, juu ya wanaume wanaolewa siku ya mauzo. Walikuwa wakiimba kwa makofi na ngoma tu. Wakaamua kununua gitaa. Wakauza maharage ya shamba la darasa, kidogo kidogo, kwa miezi minane, mpaka wakapata shilingi 160,000.

Baadhi ya watu kijijini walicheka. Walisema gitaa ni mambo ya vijana wa mjini. Lakini wazee wa darasa hawakuyumba. Wao wanamkumbuka Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1979, na wanajua gitaa lilivyosema mikononi mwake. Tena gitaa halihitaji umeme wala kundi kubwa la watu. Mwenda Jean Bosco wa Kongo alirekodiwa mwaka 1952 akiwa peke yake na gitaa lake la mbao, na mpaka leo watu wanaojifunza gitaa duniani wanahangaika kumfuata vidole. Darasa letu lilitaka gitaa la namna hiyo, lisilo la umeme.

Kijana mmoja wa kijiji hicho anafanya kazi Dar es Salaam. Mama yake ni mwanadarasa. Darasa likamtumia fedha kwa simu. Akaenda Kariakoo, akachagua gitaa, akampa mwenye duka alipige. Akapiga picha ya video kwa simu yake na kumtumia mwenyekiti. Jioni ile darasa zima lilisikiliza sauti ya gitaa lao kutoka kwenye simu. Kisha kijana akalifunga ndani ya boksi, akalipa shilingi 12,000 za usafiri, na gitaa likapakiwa kwenye basi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbinga ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000.

Nilikwenda stendi pamoja na mwenyekiti na mweka hazina. Mweka hazina wetu ni bibi wa miaka 60 na zaidi. Alijua kusoma miaka miwili tu kabla ya siku hiyo. Boksi lilitolewa kwenye buti la basi. Upande mmoja lilikuwa limebonyea, na juu yake palikuwa na alama nyeusi ya tairi la pikipiki.

Karani akasema, "Bibi, weka sahihi hapa, watu ni wengi."

Bibi akavuta kitabu karibu na macho. Akasoma polepole, kwa sauti, kama anavyosoma darasani: "Nimepokea mzigo wangu ukiwa katika hali nzuri."

Akainua macho. "Mwanangu, hali yake sijaiona bado. Nitasemaje ni nzuri?"

Watu nyuma yetu walianza kunung'unika. Karani akasema kwamba mizigo hufunguliwa nyumbani. Bibi hakubishana naye. Aliweka kalamu juu ya kitabu na kuanza kufungua boksi palepale mezani.

Gitaa lilikuwa limevunjika shingo, pale shingo inapokutana na kichwa. Kichwa kilikuwa kinaning'inia kwenye nyuzi kama kichwa cha kuku aliyechinjwa. Mwenyekiti alishika kiuno, asiseme neno.

Bibi akachukua kalamu. Chini ya yale maneno ya kitabu akaandika kwa herufi kubwa: GITAA LIMEVUNJIKA SHINGO. BOKSI LIMEBONYEA. Akaandika tarehe na saa. Ndipo akaweka sahihi. Mwenyekiti alipiga picha boksi, gitaa na ukurasa ule wa kitabu. Karani alikasirika, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kuandikwa kwa wino.

Ndugu msomaji, sahihi ni ushahidi wako juu yako mwenyewe. Kama bibi angeweka sahihi kwanza na kufungua boksi nyumbani, kila mtu angemwuliza, "Mbona uliandika hali nzuri?" Ikiwa nawe utakataliwa kufungua mzigo, usigombane. Andika juu ya mstari wa sahihi kwamba mzigo haujafunguliwa, na utaje unachokiona kwa nje: umebonyea, umelowa, kamba imekatika.

Sasa nikueleze jambo lililonisumbua zaidi kuliko fedha. Tuliporudi kijijini, maneno yalianza siku ileile. Wengine walinong'ona kwamba yule kijana wa Dar es Salaam alinunua gitaa bovu kwa bei ndogo na kula chenji. Mama yake alikuwapo darasani. Hakusema kitu. Siku iliyofuata hakuja darasani.

Tulimwita fundi seremala wa kijiji. Alilegeza nyuzi, akaangalia mahali palipovunjika. Akawaita watu wote waone. "Mbao iliyovunjika zamani huwa nyeusi na ina vumbi," alisema. "Ikiwa ilipata kuungwa, utaona gundi ya zamani. Tazameni hapa. Mbao ni nyeupe kabisa. Imevunjika juzi." Mwenyekiti akatoa simu yake, watu wakaiona tena ile video ya dukani. Gitaa lilikuwa zima, na sauti yake mliisikia, akawaambia. Wanawake wawili walikwenda kumfuata yule mama nyumbani kwake. Sijui walimwambia nini, lakini jioni alikuja nao.

Kwa nini gitaa huvunjika pale pale shingoni? Niliuliza, na fundi akanieleza. Gitaa la nyuzi za chuma lina nyuzi sita zilizokazwa. Ukijumlisha nguvu ya nyuzi zote, zinavuta karibu kilo 70, yaani uzito wa mtu mzima. Kichwa cha gitaa kimeinama nyuma kidogo, na mbao ya mahali hapo ni nyembamba. Boksi likianguka, kichwa kinagonga, nyuzi nazo zinavuta. Mbao inapasuka kwa kufuata nyuzinyuzi zake. Watu wengi wanadhani sehemu dhaifu ni tumbo la gitaa kwa sababu ni kubwa na lina uwazi ndani. Ndivyo alivyodhani kijana wetu. Alilizungushia tumbo sponji nzuri, akaacha kichwa wazi kikiguswa na ukuta wa boksi, na nyuzi zikiwa zimekazwa. Kwa hiyo nasema wazi: lawama haikuwa ya basi peke yake. Lakini kufunga vibaya ni jambo moja, na kuweka pikipiki juu ya boksi la mtu ni jambo lingine.

Ukitaka kusafirisha gitaa, legeza nyuzi kwanza, lakini usizitoe. Weka nguo za zamani au karatasi chini ya kichwa na pande zote za shingo, mpaka kichwa kisiguse boksi mahali popote. Jaza nafasi zote zilizobaki. Huku kwetu majani makavu ya migomba yanafaa sana. Kisha tikisa boksi. Ukisikia kitu kinacheza ndani, fungua ujaze tena. Andika nje jina, namba ya simu, na neno KINAVUNJIKA. Hata hivyo usitegemee neno hilo sana. Utingo anayepakia magunia saa tisa usiku hasomi. Ni afadhali kumwomba akuonyeshe mahali anapouweka mzigo. Na mzigo usikae siku nzima kwenye jua ndani ya gari lililofungwa, maana joto kali hulainisha gundi ya gitaa.

Turudi kwa fundi. Kijana mmoja alishauri tupige misumari miwili. Fundi alicheka. Msumari hupasua mbao nyembamba zaidi ya ilivyopasuka. Mwingine alitaka supaglu. Fundi akakataa hiyo pia. Hukauka kabla hujaweka mbao sawasawa, na ukikosea, gundi nyingine haishiki vizuri juu yake. Alitukataza hata kupapasa mahali palipovunjika, kwa sababu mafuta ya vidole huzuia gundi.

Bahati yetu ni kwamba mpasuko ulikuwa mrefu kama kidole cha kati, tena wa mshazari. Mpasuko wa namna hiyo una nafasi kubwa ya kushika gundi. Ungekuwa mfupi, umekatika kama muwa, kazi ingekuwa ngumu, na pengine ingehitaji vipande vya mbao vya kuunganishia. Fundi alitoa nyuzi zote. Akajaribu kukutanisha pande mbili bila gundi, akaona zinakaa. Akapaka gundi nyeupe ya mbao pande zote mbili, akakutanisha, akafuta gundi iliyotoka nje kwa kitambaa chenye maji. Akaweka karatasi ya nailoni, na juu yake vibao viwili vidogo. Kisha akachukua mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, alioukata kama utepe, akazungusha na kuvuta kwa nguvu. Sijaona kifaa rahisi kuliko hicho. Mpira hubana pande zote sawasawa, na hauna gharama.

Ulikuwa mwezi wa Julai. Mbinga ni nchi ya milima na Julai ni baridi, na gundi hiyo hukauka polepole wakati wa baridi. Fundi akakataza mtu kugusa gitaa kwa siku tatu. Ilikuwa vigumu. Kila jioni watu walikuja kulichungulia kama mgonjwa. Siku ya nne aliweka nyuzi mpya, moja moja, na kuzikaza nusu tu kwa wiki ya kwanza.

Wakati gundi inakauka, tuliandika barua. Nilifanya iwe somo la siku hiyo. Mwenyekiti alitaka tuanze kwa kusema, "Watu wenu ni wazembe na wezi." Bibi mweka hazina akapinga. Alisema, "Hatukuwaona wakilitupa. Tuandike tulichokiona." Mimi nilikuwa upande wake. Neno la matusi humpa mtu nafasi ya kujibu matusi, akaacha kujibu hoja. Baada ya saa mbili ubaoni, barua ilikuwa hivi:

"Tarehe 4 Julai tulipokea gitaa letu katika ofisi yenu ya mizigo. Namba ya stakabadhi imeandikwa hapo juu. Boksi lilikuwa limebonyea na lina alama ya tairi. Gitaa lilikuwa limevunjika shingo. Tuliandika hivyo katika kitabu chenu kabla ya kuweka sahihi. Picha tunazo. Tunaomba mtulipe shilingi 25,000 za fundi, shilingi 15,000 za nyuzi, na shilingi 12,000 za usafiri. Jumla ni shilingi 52,000. Tunaomba jibu lenu kwa maandishi."

Nakala moja tuliweka katika faili la darasa. Karani aliyepokea barua tulimwomba aweke sahihi na tarehe kwenye nakala yetu.

Jibu la kwanza lilikuwa la mdomo. Walituonyesha nyuma ya stakabadhi, maandishi madogo kama chawa, yanayosema mzigo husafiri kwa dhamana ya mwenye mali. Ndugu msomaji, ukionyeshwa maandishi ya namna hiyo usikate tamaa. Hayakuzuii kulalamika. Mabasi ya Tanzania Bara yanasimamiwa na LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na malalamiko juu ya huduma za mabasi hupelekwa huko. Tuliandika barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza, na chini yake tukaandika kwamba nakala inakwenda LATRA. Ikiwa mzigo wako umekuja kwa ndege kutoka nchi za nje, angalia sana siku. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unataka malalamiko ya begi la abiria lililoharibika yaandikwe ndani ya siku 7, na ya shehena ndani ya siku 14.

Wiki iliyofuata ofisi ya basi ilimpigia mwenyekiti simu. Walikubali fundi na nyuzi, shilingi 40,000. Usafiri walikataa, wakisema gitaa halikufungwa vizuri kichwani. Darasa lilijadili. Wengine walitaka tuendelee kudai. Wengi wakasema hoja yao ina ukweli, tuchukue. Bibi alihesabu fedha mbele ya watu, akaandika kwenye daftari, akaweka sahihi.

Desemba yule kijana alikuja likizo. Alilishika gitaa, akapitisha kidole gumba juu ya kovu la shingo, akauliza ni nani aliyeliunga. Akamtafuta fundi, akamsalimia shikamoo, akakaa naye mpaka usiku akimfundisha kupiga. Sasa fundi ndiye mpigaji wetu. Uzi mwembamba ameshaukata mara mbili kwa kuukaza mno, na kwa hilo hatuna wa kumwandikia barua.