Mashine Inayopima Hofu

Chumba chenyewe aghalabu ni kidogo, hakina picha ukutani wala dirisha la kutazama nje. Ndani mna meza, viti viwili na kompyuta. Kiti kimoja kina mikono mipana na mto mwembamba wa kukalia, na mto huo si wa starehe, bali umetiwa kipimo kinachotambua mkaaji akijitikisa hata kidogo. Hapo ndipo huketishwa mtu aliyeitwa kupimwa kama asemayo ni kweli au ni uongo. Nchini Marekani, ambako jambo hili limeota mizizi kuliko kwengineko, waliokwisha kukikalia kiti hicho ni watu wa kila namna: mtuhumiwa wa mauaji, kijana anayeomba kazi ya upolisi, mtumishi wa idara ya ujasusi anayetakiwa aonyeshe upya kwamba hajaisaliti nchi yake.

Anayekwenda huko kwa mara ya kwanza hudhani kwamba atafungwa nyaya, ataulizwa, na mashine itatoa hukumu kama mizani ya sokoni itoavyo uzito. Mambo hayaendi hivyo. Sehemu kubwa ya shughuli hupita kabla ya waya hata mmoja kufungwa. Mpimaji huanza kwa mazungumzo, na mazungumzo hayo yaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Huuliza habari za afya, usingizi, dawa na kazi. Husema kwa upole. Humsomea mwenziwe maswali yote atakayoulizwa, neno kwa neno, ili pasiwe na la kumshtua. Mara nyingi humfanyia pia jaribio dogo. Humwambia achague namba moja, kisha aikane kila namba atakayotajiwa, pamoja na ile aliyoichagua. Baadaye humwonyesha kwamba mashine imemkamata pale pale alipodanganya. Shabaha ya mchezo huo ni kumwaminisha anayepimwa kwamba mashine haikosei. Imani hiyo ndiyo inayoiendesha kazi nzima: asiyeiamini mashine haiogopi, na asiyeogopa hana kitakachoandikwa.

Kufungwa kwenyewe huwa hivi. Mirija miwili ya mpira huzungushwa mwilini, mmoja kifuani na mmoja tumboni, ipate kupima pumzi. Mkononi huvishwa mfuko wa kupimia presha kama ule wa hospitali, isipokuwa huu huachwa umejaa upepo kwa dakika kadhaa, hata mkono ukaanza kufa ganzi. Vidoleni hubandikwa vipande viwili vya chuma, navyo hupima jasho. Maswali huwa kama 10 hivi, yote ya kujibiwa kwa ndiyo au la, na baina ya swali na swali hupita kimya cha sekunde 20 au zaidi. Orodha ile ile hurudiwa mara tatu au zaidi.

Maswali nayo yana matabaka yake. Yako yasiyo na uzito: Je, leo ni Jumatatu? Yako ya kiini: Je, ulizichukua fedha zile? Na yako ya tatu, ambayo ndiyo hila ya mchezo: Je, umewahi kumdanganya mtu aliyekuamini? Ni nani katika wana wa Adamu awezaye kulijibu swali hilo kwa "la" bila ya moyo kumpiga? Mpimaji anayajua hayo, na katika yale mazungumzo ya mwanzo amekwishamwelekeza mwenziwe kwenye jibu hilo hilo la "la". Hesabu yake ni kwamba mwenye hatia atatishwa zaidi na swali la fedha, na asiye na hatia atatishwa zaidi na swali linalogusa maisha yake yote. Basi presha, jasho na pumzi vikibadilika zaidi penye fedha, huhesabiwa kuwa uongo.

Hapo ndipo chombo kinapoingia maji. Mtu asiyeiba, lakini anayejua kwamba kazi yake, jina lake, pengine na uhai wake, vimefungwa kwenye swali moja, kwa nini moyo wake usimwende mbio anapolisikia? Na mwizi aliyezoea wizi wake, akalala nao na kuamka nao, ana sababu gani ya kutoa jasho? Mwili una alama za hofu, za haya, za hasira na za mshtuko. Hauna alama iliyo ya uongo peke yake.

Jina la chombo hiki ni kweli kuliko sifa zake. Neno poligrafu lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni kuandika mengi: kalamu kadhaa zilikuwa zikichora kwa pamoja juu ya utepe wa karatasi, kabla ya kompyuta kuishika kazi hiyo. Ndani ya neno hilo hamna kweli wala uongo. Ni baadaye watu walipoibandika lakabu ya mashine ya kugundua uongo, na lakabu ikalimeza jina. Mwanzilishi wake, John Larson, alikuwa polisi msomi katika mji wa Berkeley, California. Alikiunda chombo hicho mwaka 1921, na katika umri wake wa baadaye alisikitishwa na namna kilivyotumiwa. Mwenziwe wa zama zile, William Moulton Marston, aliyekuwa akiupima uongo kwa presha ya damu, hakuwa na majuto kama hayo. Mwaka 1923 mahakama ya rufaa mjini Washington ilikataa kipimo chake kisiwe ushahidi katika kesi ya mtu aitwaye Frye. Mwaka 1941 Marston akaileta duniani Wonder Woman, shujaa wa kike wa vitabu vya katuni, mwenye kamba ambayo afungwaye nayo hawezi ila kusema kweli. Alichonyimwa mahakamani alikipata katika hadithi.

Wazee wa mwambao wa Waswahili wasingeshangazwa na kiti hicho. Wao walikuwa na viapo. Kilikuwako kiapo cha shoka la moto, na kilikuwako cha kumeza mkate au mchele mkavu uliosomewa: aliyekwamwa na tonge mbele ya watu, huyo ndiye mwizi. Kiapo cha tonge hakikukosa maarifa. Hofu hukausha mate, na kinywa kikavu hakimezi. Lakini yatima asiye na wa kumtetea, aliyezungukwa na kaumu ya watu waliokwishamtuhumu, naye hukaukwa mate. Mwambao umeviacha viapo hivyo. Marekani imevitia umeme.

Ambaye angeweza kulieleza jambo hili kuliko wanazuoni ni Floyd Fay wa jimbo la Ohio. Mwaka 1978 alishtakiwa kwa mauaji ya mtu aliyepigwa risasi dukani. Ushahidi dhidi yake haukuwa mwingi zaidi ya maneno ya marehemu, aliyemtaja kabla ya kukata roho. Waendesha mashtaka wakampa sharti: apimwe kwa mashine, na akifaulu mashtaka yafutwe, akishindwa, matokeo yasomwe mahakamani. Fay alijijua kuwa hakuua, akakubali kama akubalivyo kila asiye na hatia anayeamini kwamba kweli haihitaji wakili. Akashindwa. Akahukumiwa, akatiwa gerezani.

Huko gerezani akaanza kusoma habari za mashine iliyomfunga, akawafundisha wafungwa wenziwe. Wafungwa 27 waliokuwa wamemkiri makosa yao, na waliokuwa wakienda kupimwa, aliwapa somo la dakika 20 hivi. Kati yao, 23 waliipita mashine. Yeye aliyesema kweli ilimfunga. Wao waliosema uongo iliwapitisha. Aliachiliwa mwaka 1980, baada ya wauaji wenyewe kujulikana.

Wala si wafungwa tu. Aldrich Ames, mtumishi wa CIA, alianza kuwauzia Warusi siri mwaka 1985. Akapimwa mwaka 1986, akapita. Akapimwa mwaka 1991, akapita tena. Alikamatwa mwaka 1994, baada ya watu kadhaa aliowauza kwisha kuuawa. Warusi hawakumpa dawa wala hirizi. Walimshauri alale vizuri, atulie, na apatane na mpimaji.

Jopo la wanasayansi wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani lilitoa ripoti yake mwaka 2003, na ndani yake mna mfano ambao kila anayeitwa kupimwa anastahili kuujua. Chukua wafanyakazi 10,000 ambao miongoni mwao wamo majasusi 10. Ipe mashine usahihi mkubwa kuliko iliothibitisha, kisha iweke iwe kali kiasi cha kunasa majasusi 8. Pamoja na hao 8, itawanasa wasio na hatia wapatao 1,600, na majasusi 2 watakwenda zao. Sheria ya mwaka 1988 imewazuia waajiri wengi wa binafsi nchini humo kuwapima wafanyakazi wao, na mahakama nyingi hazikubali matokeo yake. Serikali yenyewe haikujizuia.

Basi anayeketi katika kiti kile atarajie jambo moja zaidi, nalo huja baada ya nyaya kufunguliwa. Mpimaji hutoka kidogo, kisha hurudi na uso mwengine. Husema kwamba mashine imeonyesha tatizo, na huomba aelezwe. Katika dakika hizo ndimo maungamo mengi hupatikana, ya kweli na yasiyo ya kweli, kwa kuwa aliyefundishwa asubuhi kwamba mashine haikosei huanza mchana kuitilia shaka nafsi yake. Nchini humo mtuhumiwa ana haki ya kukataa kupimwa, ana haki ya kunyamaza, na ana haki ya kutaka wakili. Haki hizo hazina waya hata mmoja, na zimewaokoa watu wengi kuliko kifua kilichotulia.

Wahenga walisema kweli ikidhihiri uongo hujitenga. Hawakusema kwamba kweli hujidhihirisha yenyewe. Ya Floyd Fay ilidhihirishwa na wakili wake, aliyeendelea kutafuta na kuuliza watu baada ya mahakama kufunga jalada, mpaka akafika kwa waliohusika. Kazi yake ilikuwa ya miguu na masikio, ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyeipa jina la sayansi.