Chopa Ikipita Waa, Sasa Nacheki Mkia

Chopa ya jeshi ikipita chini chini hapa Waa, watoto wote wanatoka nje kupunga mikono. Hata mimi hutoka, simu juu. Juzi nikaposti klipu ya moja nikaandika: "Wakiiona hii, vita vimeisha." Watu wakaipenda kweli.

Mwana wa ami yangu hakuipenda. Yeye ni askari, ashakwenda Somalia akarudi. Akaniuliza, "Mdogo wangu, wajua chopa yaangushwa na nini?" Nikamwambia kombora, zile za kisasa. Akacheka. "Wewe watazama sinema sana."

Basi nikaenda kusoma. Mogadishu, tarehe 3 Oktoba 1993, Black Hawk mbili za Marekani ziliangushwa na RPG-7. Wasee, RPG si kombora lenye akili. Ni bomba mtu anaweka begani, analenga kwa macho yake, na lilitengenezwa kupiga vifaru. Lakini chopa ikitaka kushusha askari lazima ipunguze mwendo, ishuke, saa nyingine isimame pale pale hewani. Hapo hata risasi za kawaida zinaifikia. Na kule mkiani kuna pangaboi ndogo inayozuia mwili wote usizunguke. Ikivunjika hiyo, chopa inageuka pia. Zile mbili zote zilipigwa huko nyuma. Wamarekani 18 walikufa kwenye mapigano yale, na Wasomali mamia, ambao majina yao huwezi kuyasikia popote.

Kombora la kufuata joto ni habari nyingine, na hilo lilishafika kwetu. Tarehe 28 Novemba 2002, mawili yalirushiwa ndege ya abiria ya Arkia ikipaa kutoka uwanja wa Moi, Mombasa. Yaani ng'ambo ya feri tu! Ndani mlikuwa na watu zaidi ya 250. Yakakosa, alhamdulillahi, ingawa siku hiyo hiyo hoteli ya Paradise kule Kikambala ililipuliwa. Silaha yenyewe mtu mmoja anaibeba begani. Chopa ya jeshi inaweza kumwaga mafataki ya moto kulihadaa kombora kama hilo. RPG huihadai, haitafuti joto. Anayetafuta ni yule aliyeishika.

Sisemi chopa ni karatasi. Februari 2023, chopa ya Afrika Kusini iliyokuwa chini ya UN ilipigwa risasi ikielekea Goma. Askari mmoja akafa ndani, mwengine akajeruhiwa, na bado ikafika, ikatua. Lakini ebu fikiria yule rubani, anaendesha huku mwenzake amelala pale.

Nilipomwambia mwana wa ami nimesoma yote hayo, akasema wao chini wakiisikia inakuja kubeba majeruhi hawaitazami. Wanatazama vichaka na mapaa ya nyumba.

Anarudi huko mwezi ujao. Klipu bado ipo, ila yale maneno nimeyafuta.