Wewe ni wa nani? Fomu, miaka 18 na vijana wa makao

Wengine mmeniandikia mkiuliza sehemu ya pili ya somo la hifadhidata iko wapi. Iko hapa hapa, ila leo inapitia Kitengela, kwenye makao ya watoto ninakokwenda Jumamosi kufundisha tarakilishi. Nivumilieni kidogo.

Somo lenyewe ni la kawaida: kuchapa, majedwali, HTML ya kuanzia. Darasa lina vijana kumi na wawili hivi, wengi wa kidato cha tatu na cha nne. Lakini wale waliomaliza shule bado hurudi, na hawarudi kwa sababu ya HTML. Wanakuja na karatasi mkononi, au na simu iliyofunguka kwenye ukurasa fulani. "Mwalimu, hapa nijaze nini?"

Kitambulisho. Pesa za masomo. Akaunti ya benki. Kibarua cha kiwandani kule Athi River. Chumba cha kupanga. Kila fomu ina mahali pake penye nyota nyekundu, na ukizisoma zote pamoja utaona zinauliza swali lile lile kwa maneno tofauti: wewe ni wa nani?

Jina la baba. Jina la mama. Nambari ya kitambulisho cha mzazi. Mdhamini. Mtu wa kupigiwa simu wakati wa dharura. Binti mmoja alipofika kwenye hiyo ya dharura aliandika 116, nambari ya simu ya bure ya kuwasaidia watoto hapa Kenya. Fomu ikakataa, inataka tarakimu kumi. Darasa zima lilicheka, naye akacheka, kisha akauliza kama anaweza kuweka yangu. Nikampa. Siku hizi nambari yangu iko kwenye fomu tano, na mke wangu ameshazoea simu za ajabu ajabu.

Fomu moja ya kuomba pesa za masomo ilikuwa na orodha ya kuchagua. Mzazi: yuko hai, au amefariki. Ukichagua amefariki, unaombwa nambari ya cheti cha kifo. Ukichagua yuko hai, unaombwa nambari yake ya kitambulisho. Sasa mtoto aliyeokotwa stendi akiwa na miaka kama miwili achague nini? Hapo hajui kama baba yake yuko hai au amekufa. Hata jina hajui. Aliyetengeneza ile orodha hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na tarehe ya kukabidhi kazi, kama sisi sote, na kichwani mwake kila mtu ana wazazi wawili wenye makaratasi.

Haya, hapa ndipo somo letu linapoingia. Edgar Codd, aliyetupa hifadhidata za uhusiano mwaka 1970, alihangaika kwa miaka na suala la uga mtupu. Kufikia 1990 alikuwa anapendekeza tuwe na alama mbili tofauti. Moja ya kusema habari ipo ila haijulikani, nyingine ya kusema habari hii haimhusu kabisa mtu huyu. Watengenezaji wa programu hawakulipokea sana wazo hilo, wakasema linatatiza mambo, na mpaka leo tunatumia utupu wa aina moja tu. Ukitaka kujua tofauti ya alama hizo mbili, njoo Kitengela. Kuna kijana ambaye mama yake yupo mahali fulani na hajulikani. Kuna mwingine ambaye hana mzazi kisheria, aliyemlea ni meneja wa makao, na meneja huyo amestaafu akarudi kwao. Kwenye mfumo wetu wote wawili ni kosa moja: "Tafadhali jaza sehemu hii."

Sheria yenyewe si kipofu kiasi hicho. Katiba ya 2010, kifungu cha 14(4), inasema mtoto anayepatikana Kenya akionekana kuwa chini ya miaka minane, na uraia na wazazi wake hawajulikani, anachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Yaani yule wa stendi ni Mkenya kama mimi na wewe, bila kumwomba mtu. Tatizo ni safari ya kutoka kwenye kile kifungu mpaka kwenye kadi.

Nilimsindikiza kijana mmoja kwenye safari hiyo, kwa hiyo naijua. Tulisaka nakala ya amri ya mahakama iliyompeleka kwenye makao. Barua ya afisa wa watoto. Daktari wa kukadiria umri. Cheti cha kuzaliwa cha kuchelewa. Chifu. Kisha ndipo maombi ya kitambulisho yaanze. Kila mara ni matatu ya kwenda Kajiado mjini kupitia Isinya, na ukikuta anayetia sahihi ametoka, unarudi kesho. Tulikwenda mara saba. Kitambulisho alikipata akiwa na miaka kumi na tisa na miezi kadhaa. Muda wote huo hakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lake, wala kuajiriwa popote panapotaka karatasi. Alibeba mawe kwenye mijengo, na kwa bahati nzuri Kitengela haikosi mjengo.

Mtanisamehe nikikaa kidogo kwenye suala la laini, kwa kuwa ni letu sisi wa teknolojia. Mtoto wa makao akipewa simu, mara nyingi laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mlezi. Baruapepe inafunguliwa kwa laini hiyo. Nywila ikisahaulika, ujumbe wa kuirudisha unakwenda kwa mlezi. Mlezi akiacha kazi, anaondoka na laini yake, na mtoto anapoteza baruapepe, picha na matokeo ya mtihani aliyokuwa ametunza humo. Kisha anatimiza miaka 18, anapata laini mpya, na kwa mashine za mikopo midogo ya simu yeye amezaliwa leo asubuhi. Hata Hustler Fund, iliyoanza Novemba 2022 na kwa kweli haina maswali mengi, inataka kitambulisho na laini iliyotumika kwa muda.

Kwa hiyo Jumamosi tuliongeza kipindi kimoja. Kila aliyefika miaka 16 anapiga picha karatasi zake zote: cheti cha kuzaliwa kama kipo, amri ya mahakama, kadi ya kliniki, matokeo ya shule. Anazituma kwenye baruapepe yake mwenyewe, na njia za kuirudisha nywila anaziandika kwenye daftari lake. Miaka 16, si 18. Kama cheti hakipo, bado kuna miaka miwili ya kukitafuta mtoto akiwa chini ya Sheria ya Watoto, ofisi ya watoto ikiwa na wajibu juu yake. Akishafika 18 anaomba kwa hisani.

Serikali inalijua jambo hili. Sheria ya Watoto ya 2022 ilichukua nafasi ya ile ya 2001, na mwaka huo huo ukazinduliwa mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwa familia na jamii. Watoto wanaokaa kwenye makao nchini wamekadiriwa kuwa zaidi ya 40,000. Mimi naunga mkono mkakati huo. Lakini mtoto aliyeingia makao mwaka 2010 hautamkuta kwa wakati. Yeye anatoka mwaka huu.

Kuna wanaowangoja mlangoni. Kenya Society of Care Leavers, inayojulikana kama KESCA, ilianzishwa mwaka 2009 na watu waliokulia kwenye makao wao wenyewe. Ndiyo sababu wanaelewa swali la "wewe ni wa nani" bila kuelezwa. Wa ufundi kuna chuo cha ufundi kule Kajiado. Kuna basari za kaunti na za eneo bunge, ila nazo zina fomu, na fomu zina nyota.

Uingereza walitunga sheria mahsusi mwaka 2000, kijana akitoka kwenye ulezi wa halmashauri anapewa mshauri wake binafsi, na tangu sheria ya 2017 anaweza kuwa naye hadi miaka 25. Nikiwasimulia darasani, mmoja akauliza: "Huyo mshauri jina lake unaweza kuliweka kwenye fomu?" Sikuwa na jibu. Ila aliona haraka kuliko wengi kitu kinachokosekana. Kitanda unaweza kupata. Ugali utapata, Kitengela watu hawajawa wagumu kiasi hicho. Anachokosa ni mtu mzima mmoja mwenye nambari ya kitambulisho ambaye hatabadilisha simu.

Hapo ndipo kina mama wa chama kimoja cha mtaani walituzidi sote wenye digrii. Kila mmoja alichukua kijana mmoja kumdhamini. Hawampi pesa, wanampa jina. Mama anakwenda kwa mwenye nyumba anasema, huyu ni wangu, dipoziti atalipa kwa miezi mitatu. Anaandikwa kwenye fomu ya dharura. Mmoja alipofiwa na mwenzake wa chumbani, polisi walimpigia huyo mama saa tisa usiku, naye akatoka na leso begani. Hakuna programu niliyowahi kuandika iliyofanya kazi hiyo.

Nyinyi mnaoandika programu, ombi langu ni dogo. Fungueni fomu mliyoitengeneza mwisho. Kwenye orodha ya mzazi ongezeni "hajulikani" na "mlezi au makao", na mruhusu barua ya afisa wa watoto ipakiwe mahali pa kitambulisho cha mzazi. Nimefanya hivyo kwenye mfumo wa shule moja ya hapa. Kazi ilinichukua mchana mmoja, na nusu yake ilikuwa kumwelezea mteja kwa nini.

Na kama uko Kitengela, Isinya au Kajiado, una kitambulisho na hubadilishi laini ovyo, niandikie. Tuna vijana wanne wanaomaliza kidato cha nne mwaka huu, na kina mama wamebaki wawili tu ambao hawajachukua mtu.