Mjeledi na Jicho Linaloutazama

Kila inapotoka filamu kubwa juu ya utumwa wa Marekani, huzuka mabishano yale yale. Wapo wasemao kuwa imepita mpaka, damu imekuwa nyingi na mayowe yamekuwa marefu. Na wapo wasemao kuwa imeficha, kwani yaliyotendeka yalikuwa machungu zaidi ya hayo. Mimi si mtu wa sinema. Kazi yangu ni kutunga na kutafsiri, na machache niyajuayo nimeyaokota vitabuni bila ya mwalimu. Hata hivyo naona kwamba pande zote mbili zinauliza swali lisilo lake. Wingi wa damu si kipimo. La kuuliza ni juu ya yule anayechapwa: je, alikuwa mtu kabla mjeledi haujamfikia, na je, amebaki kuwa mtu ulipokwisha?

Tuanze na filamu zisizo na mjeledi, maana ndizo zilizotangulia. Mwaka 1915 D. W. Griffith alitoa The Birth of a Nation, iliyochukua saa tatu nzima. Ndani yake watumwa wanacheza na kucheka mashambani, watu weusi walioachwa huru wanageuzwa kuwa hatari kwa taifa, na Ku Klux Klan wanakuja juu ya farasi kama wakombozi. Ilionyeshwa Ikulu mbele ya Rais Woodrow Wilson, na mwaka huo huo kundi hilo la wauaji, lililokuwa limekwisha kufa, likafufuliwa katika jimbo la Georgia. Mwaka 1939 ikaja Gone with the Wind, yenye mashamba ya kupendeza na yaya mnene mwenye ulimi mkali na moyo wa dhahabu. Hattie McDaniel, aliyemwigiza yaya huyo, hakuweza kuhudhuria onyesho la kwanza mjini Atlanta kwa sababu ya sheria za ubaguzi; na usiku wa 1940 alipopewa tuzo ya Oscar, ya kwanza kwa mtu mweusi, alikuwa ameketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu ile ile. Katika kazi hizo mbili mtazamaji haoni mgongo uliochanika, na bado sijui filamu zilizowatesa Wamarekani weusi kwa muda mrefu kuliko hizo.

Pazia lilipopasuka katika miaka ya 1970, lilipasuka kwa kishindo. Mwaka 1971 Wataliano wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, walitoa Addio Zio Tom, iliyojifanya kuwa waandishi wa habari wa leo wamerudi katika Marekani ya utumwa na kamera zao. Humo mna majahazi, minada, ubakaji na minyororo, na miili ya watu mamia, aghalabu iko uchi. Sehemu kubwa ilipigwa Haiti, chini ya udikteta wa François Duvalier, aliyewakirimu waongozaji hao na kuwapa watu wa kuigiza kadiri walivyotaka. Hebu tulifikirie jambo hilo. Haiti ni nchi ya watumwa waliojikomboa kwa mikono yao wenyewe, wakatangaza uhuru mwaka 1804. Na wajukuu wao, wakiwa maskini na wakiwa hawana sauti mbele ya mtawala wao, walivuliwa nguo na kutiwa minyororo ili Ulaya ione jinsi utumwa ulivyokuwa mbaya. Filamu ilidai kuulaani ukatili, na katika kutengenezwa kwake ikaurudia.

Mandingo ya mwaka 1975 ni kesi ngumu zaidi. Mwongozaji wake, Richard Fleischer, alikusudia kuubomoa uwongo wa Gone with the Wind, na wapo wahakiki waliokuja kumtetea. Nyumba ya bwana humo haina pambo; kuta zimechakaa na watu wake wameoza ndani na nje. Lakini mtumwa Mede, aliyeigizwa na Ken Norton, yule bondia aliyemvunja taya Muhammad Ali mwaka 1973, tunapewa mwili wake tu. Anapigana, anatamaniwa, na mwisho anatumbukizwa katika sufuria la maji yanayochemka. Filamu inapokwisha hatujui alikuwa akiwaza nini. Dalali wa New Orleans naye alipokuwa akimpapasa mtu misuli na kumfungua kinywa kutazama meno yake, hakuwa na haja ya kujua anawaza nini.

Wasomaji wa tenzi hawataniambia kuwa naogopa damu. Katika Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa mwaka 1728, panga zinakata beti kwa beti. Hata hivyo Jaafar anayekufa ana jina, ana nasaba, na ana wa kumlilia. Washairi wetu walijua kwamba kifo cha asiyejulikana ni hesabu, na kwamba machozi hayatoki kwa hesabu.

Ndiyo maana tamthilia ya Roots, iliyoonyeshwa Marekani kwa usiku nane mfululizo mwaka 1977, iliwagusa watu hata huku kwetu, ilipotufikia katika kanda za video zilizopita mikono mingi hadi picha zikawa na mvua. Kunta Kinte anachapwa mpaka atamke jina jipya alilopewa na bwana wake. Waliokuwa chumbani pamoja nami waliuona mgongo, lakini walilolizungumza barazani siku za baadaye lilikuwa jina. Pwani yetu ilijua maana yake. Hapa pia watumwa walivuliwa majina ya kwao wakaitwa Feruzi, Almasi, Marjani, majina ya vito, kana kwamba mtu ni kitu cha kuwekwa sandukuni.

Sasa nije kwenye filamu mbili zilizofuatana, ambazo ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Ya kwanza ni Django Unchained ya Quentin Tarantino, ya mwaka 2012. Mwongozaji mwenzake, Spike Lee, alikataa kuitazama, akasema kuwa ni kuwavunjia heshima mababu zake. Mimi niliiona katika banda la video, ikiwa imetiwa sauti ya Kiswahili na mmoja wa wale mafundi wa kufasiri filamu huku zikiendelea. Katika filamu hiyo tusi la Kizungu wanaloitwa watu weusi linatajwa zaidi ya mara mia. Fundi wetu alilitafsiri kila mara kwa neno moja, "mweusi". Vijana wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Banda zima lilikuwa la watu weusi, na kuitwa mweusi si tusi kwa mtu ambaye kila jirani yake ni mweusi. Miaka mia mbili na zaidi ya sheria, soko na kamba iliyolijaza neno lile sumu haikuvuka bahari. Na Django alipoanza kulipiza kisasi, walishangilia kama wanavyoshangilia filamu yoyote ya bunduki. Sikuwalaumu. Filamu yenyewe iliwaalika washangilie. Hata yale mapigano ya watumwa mpaka kufa, yaliyotikisa nyoyo mle bandani, wanahistoria hawajayapatia ushahidi. Mwenye kutunga ukatili ambao haukuwako huwa ameuona ule uliokuwako kuwa haumtoshi.

Ya pili ni 12 Years a Slave, ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Steve McQueen. Solomon Northup, mtu huru wa jimbo la New York, alitekwa nyara Washington mwaka 1841 akauzwa Louisiana. Alipata uhuru wake Januari 1853, na mwaka huo huo kitabu chake kikachapishwa. Katika filamu kuna mahali ananing'inizwa mtini kwa kamba, ncha za vidole zikigusa tope, akijitahidi asinyongeke. Kamera haisogei. Nyuma yake watumwa wenzake wanatoka vibandani na kuendelea na shughuli zao, watoto wanacheza majanini, mwanamke mmoja anakuja mbio kumnywesha maji kisha anakimbia, na bibi wa nyumba anatazama kutoka barazani. Hakuna damu hata tone. Nami naona hapo ndipo utumwa wa Marekani ulipoonyeshwa ulivyokuwa: si wazimu wa mtu mmoja katili, bali mchana wa kawaida. Mwaka 1860 waliokuwa utumwani katika nchi hiyo walikaribia milioni 4, na idadi kama hiyo haishikiliwi na wendawazimu. Inashikiliwa na makarani, mahakimu, wahubiri, mabenki, na majirani wanaotazama kutoka barazani.

Katika filamu hiyo hiyo Patsey anachapwa kwa sababu alikwenda shamba la jirani kuomba kipande cha sabuni. Tukio ni zito mno, na wapo waliotoka ukumbini wasilione likiisha. Lakini kabla ya mjeledi tumekwisha kumwona akifinyanga vidoli kwa maganda ya mahindi, tumekwisha kujua kuwa anachuma zaidi ya ratili 500 za pamba kwa siku, na tunajua kwamba anataka tu kuwa safi. Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, alimwigiza akapata Oscar mwaka 2014, na alipoipokea alikumbusha kwamba furaha yake imetokana na maumivu ya mtu mwingine.

Nilipokuwa nikijaribu kuandika habari za Patsey kwa Kiswahili, lilinikwamisha neno moja. Bwana wake, Epps, alimlazimisha alale naye. Sisi mwanamke wa namna hiyo tuna jina lake: suria. Lakini msomaji wa pwani akisoma suria atafahamu mambo ambayo Louisiana hayakuwako. Kwa sheria yetu mtoto wa suria kwa bwana wake ni huru. Sayyid Barghash, aliyetia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, alikuwa mwana wa suria wa Kihabeshi, naye alikaa kwenye kiti cha baba yake. Virginia ilipitisha sheria mwaka 1662 kwamba mtoto hufuata hali ya mama, na desturi hiyo ikaenea kote kwenye utumwa. Bwana akizaa na mjakazi wake, amejiongezea mali. Aliweza kumrithisha mwanawe wa damu au kumpiga mnada. Kiswahili hakina neno la baba huyo. Wala sisemi haya kuupamba utumwa wa huku. Waliochimba mashimo ya mikarafuu na kufa bila ya kaburi lenye jina hawakupumzishwa na fiqhi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nasema tu kwamba ukatili mkubwa kuliko mjeledi ulikuwa katika sentensi moja ya sheria, na sentensi ni kitu kigumu kukipiga picha.

Mwanazuoni Saidiya Hartman, katika kitabu chake cha mwaka 1997, alikataa kuinukuu habari ya Frederick Douglass ya kuchapwa kwa shangazi yake, kwa kuwa alichoka kuona mateso hayo yakisambazwa kwa wepisi. Namwelewa, ingawa simfuati hadi mwisho. Picha ya mgongo wa Peter, iliyopigwa Louisiana mwaka 1863, iliwafunua macho wengi waliokuwa wakidanganywa. Mwaka 2022 maisha yake yalitengenezewa filamu, Emancipation, na mmoja wa watayarishaji alikwenda na picha halisi ya zamani kwenye zulia jekundu, akalaumiwa, akaomba radhi. Picha ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mkono uliyoishika.

Hapa Mkunazini, palipokuwa soko, yamesimama tangu mwaka 1998 masanamu ya watumwa watano shimoni, shingo zao zikiwa katika mnyororo. Wageni huyapiga picha, wengine huku wakitabasamu. Kwa hiyo vijana wetu wanaojifunza kamera hivi sasa, siku mtakapoutengenezea filamu utumwa wa hapa, mtaambiwa na wafadhili muongeze mjeledi, na mtaambiwa na baadhi ya wazee wenu muufiche. Wasikilizeni wote kwa adabu. Kisha anzeni kwa kumtafutia mtu wenu jina aliloitwa na mama yake.