Dhahabu ya Kilwa Mjini Lisbon

Lisbon imekaa juu ya vilima, na mgeni anayeizunguka kwa miguu hana namna ya kuvikwepa. Ukishuka kimoja, kingine kinakungoja. Njia zake zimetandikwa vijiwe vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyosuguliwa na nyayo za watu hadi vikang'aa, na penye mteremko huteleza hata jua likiwa kali. Nilikuwa huko kiangazi cha mwaka 2016, kwenye warsha ya walimu wa historia. Siku ya mapumziko wenzangu walipanda treni kwenda kuoga baharini Cascais. Mimi niliyekulia Kilwa Masoko sikuwa na njaa ya bahari. Nilikuwa na haja nyingine katika mji ule, na niliona ni haja ya kwenda nayo peke yangu.

Kwa miaka mingi nilikuwa nimesimama mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Pili nikiwaandikia ubaoni kwamba mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na merikebu zenye mizinga, akatishia kuuangamiza mji, akamlazimisha Amiri Ibrahim akubali kumlipa mfalme wa Ureno kodi ya dhahabu kila mwaka. Wanafunzi huinakili, huikariri, huijibu kwenye mtihani, basi. Hakuna aliyewahi kuniuliza dhahabu ile ilikwenda wapi. Jibu lipo, na limetunzwa vizuri: iko Lisbon, katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, barabara ya Janelas Verdes. Nilikuwa nimeiona pichani tu.

Ningeweza kupanda basi asubuhi nikafika moja kwa moja. Sikutaka. Nilitaka kwanza kuuona mji ulioipokea, halafu niifuate kutoka upande wa Belém, walikoondokea na kurejea mabaharia. Huo ndio mpango ulioniponza miguu.

Nilikuwa nimelala Alfama, mtaa mkongwe ulio ubavuni mwa kilima cha ngome. Vichochoro vyake ni vya watu wawili kupishana bega kwa bega, kama vya Lamu: nguo zimeanikwa madirishani, na mabibi wakizungumza kutoka baraza moja hadi nyingine. Waislamu waliutawala mji huu kwa karne nne, mpaka mwaka 1147 Afonso Henriques alipouteka kwa msaada wa askari wa msalaba waliokuwa njiani kwenda Nchi Takatifu. Mtaa umebakiza umbo lake la zamani hata baada ya wenyewe kubadilika. Nilipanda ngazi hadi ngome ya São Jorge jua likiwa bado la asubuhi, na tayari shati lilikuwa limeshika mgongo. Juu pale mto Tejo unaonekana mpana kiasi kwamba ng'ambo yake hufifia kwa ukungu wa joto. Nikakaa ukutani chini ya msonobari, nikanywa maji yangu yote.

Kisha nikashuka mpaka uwanja wa Praça do Comércio, penye majengo ya manjano na nafasi kubwa iliyo wazi mbele ya maji. Palikuwa na kasri la mfalme pale. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani na mishumaa imewashwa, ardhi ilitetemeka. Mawimbi yakapanda kutoka mtoni, na moto ukaunguza mji kwa siku kadhaa. Kasri likaangamia na vitabu vyake. Pamoja nalo zikapotea nyaraka za Casa da Índia, ofisi iliyoandika kila kilichoingia kutoka Afrika na Mashariki. Msomaji asiyefanya kazi ya historia anaweza kupita hapo bila kujali. Mimi nilisimama kwa uchungu. Katika karatasi zile mlikuwa na majina ya merikebu, uzito wa dhahabu, pembe za ndovu, huenda na majina ya watu wa pwani yetu, na hakuna atakayeyasoma tena.

Jua la saa tano lilinisukuma kutafuta kivuli, nikaingia kanisa la São Domingos karibu na uwanja wa Rossio. Kanisa hili liliungua mwaka 1959, na walipolitengeneza hawakuyafuta makovu: nguzo zimebanduka, mawe yamepasuka, rangi ya kuta ni ya moto. Mbele yake kuna jiwe la ukumbusho lililowekwa mwaka 2008. Aprili 1506 yalianzia hapa mauaji ya Wayahudi waliokuwa wamebatizwa kwa nguvu miaka michache kabla, na yakaenea mitaani kwa siku tatu. Niliusoma mwaka huo mara ya pili. Ulikuwa ni uleule ulioandikwa kwenye dhahabu niliyoijia.

Katika uwanja huohuo hukutana Waafrika wa Lisbon, wengi wao kutoka Guinea-Bissau. Wanaume walisimama vikundi vikundi wakizungumza Krioli; mama mmoja mtu mzima alikuwa ameketi kwenye ngazi na kola zake kwenye kikapu. Aliponiona nimesimama nikihema, alisogeza kikapu akalipigapiga jiwe la ngazi kwa kiganja: kaa. Nikaketi. Hatukuwa na lugha moja. Nilinunua kola moja, naye akanitazama viatu vyangu, akatikisa kichwa kwa huruma. Siku nzima ile hakuna mtu mwingine aliyenikaribisha kuketi.

Tramu ya kwenda Belém ilikuja imejaa pomoni. Nilisimama njia nzima nimeshikilia chuma kwa mkono mmoja na mkoba kwa mwingine. Belém ilinusurika na tetemeko lile kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo utawa wa Jerónimos bado unasimama, mrefu, mweupe, mawe yake yamechongwa kamba, matumbawe na miani. Mfalme Manuel wa Kwanza aliuanzisha mwanzoni mwa karne ya 16, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa kwa kodi iliyotozwa kwenye biashara ya Afrika na Mashariki. Foleni ya kuingia ilikuwa ndefu na haikuwa na kivuli.

Vasco da Gama yuko pale, ukiingia tu kanisani. Alifia Cochin nchini India mwaka 1524. Mabaki yake yaliletwa Ureno, na katika karne ya 19 yakahamishiwa hapa, akachongewa kaburi jipya. Amelala chali, viganja vimeunganishwa kwa sala, uso mtulivu kabisa. Watu walikuwa wanapiga picha. Baba mmoja alimwinua mtoto wake ili aone vizuri. Nilikaa hapo nikijiambia kwamba ndiye huyu, mtu niliyeliandika jina lake ubaoni mara zisizo na hesabu, na nikatafuta kwenye kaburi neno lolote kuhusu Kilwa, au Mombasa, au Malindi ambako alipewa rubani wa kumvusha hadi Kalikut. Nilichoona ni merikebu, msalaba na tufe. Kule mbele, karibu na madhabahu, Manuel mwenyewe amezikwa katika kaburi linalobebwa na tembo wa marumaru.

Mnara wa Belém niliutazama kwa nje tu. Mnara mpya wa mabaharia, uliojengwa kwa zege mwaka 1960 kwa umbo la omo ya merikebu, nao niliuzunguka upesi: watu wamepangwa pande zote mbili wakitazama mbali, na Mwanamfalme Henrique ametangulia. Wareno wanaupenda, na ni kazi kubwa ya mikono. Lakini kufikia hapo nilikuwa nimechoka kuambiwa habari za ujasiri. Nilikula vikeki vyao vya malai na mayai, vya moto, vimenyunyiziwa mdalasini ambao nao ulifika mji huu kwa merikebu hizohizo.

Kutoka hapo nilitembea. Tramu za kurudi zilipita zimejaa, nami nilikuwa nimekwisha kuamua kuifuata dhahabu ile kando ya mto. Ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa mtu mwenye miguu mizima, na yangu haikuwa mizima tena. Malengelenge yalikuwa yameota visiginoni. Nilipita chini ya daraja jekundu la 25 de Abril, ambalo lilifunguliwa mwaka 1966 kwa jina la dikteta Salazar, likapewa jina la siku ya mapinduzi baada ya mwaka 1974, mapinduzi yaliyofungua njia ya uhuru wa Msumbiji. Magari yanapopita juu, daraja zima huvuma. Nikapita Alcântara, maghala na reli, hakuna mti. Halafu kilima cha mwisho, na ngazi zake. Nilizipanda nikishika ukuta.

Makumbusho yalikuwa yamebakiza muda mfupi kufungwa. Mlinzi alinionyesha njia kwa kidole.

Ni ndogo. Hilo ndilo la kwanza. Baada ya mawe yote ya siku ile, chombo chenyewe kina urefu wa sentimita 73 hivi, kimesimama peke yake ndani ya kioo. Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Hostia ili waumini waiabudu, na kazi yake husemwa kuwa ya sonara Gil Vicente. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka mahali pa Hostia, kila mmoja na uso wake, kanzu zao zimetiwa rangi. Juu yao kuna njiwa mweupe, na juu kabisa Mungu Baba. Shina limezungukwa na matufe, alama ya Mfalme Manuel. Kwenye kitako kuna ndege na maua. Uzuri wake unashika koo, na sitauficha kwa sababu ya hasira.

Niliinama kutafuta maandishi. Yamezunguka ukingo wa kitako, herufi moja moja, na yanasema kwamba Mfalme Manuel ameamuru chombo hiki kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Kilwa imeandikwa kwa tahajia yao, Quiloa. Nilipolifikia neno hilo niliweka kiganja juu ya kioo, mlinzi akakohoa, nikakiondoa.

Dhahabu hiyo ilichimbwa na watu wa nyanda za juu za Zimbabwe. Ilibebwa hadi Sofala, ikapanda majahazi hadi Kilwa, ambako masultani waliitumia kujenga mji ambao Ibn Battuta, alipoufikia mwaka 1331, aliuhesabu miongoni mwa miji mizuri. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao nimewapeleka wanafunzi wangu kuuona, kuba zake nyingine zikiwa zimeanguka, ulijengwa na utajiri uleule. Na sonara akiwa bado na kazi hii mikononi, Julai 1505, Francisco de Almeida alishusha askari Kilwa kwa hoja kwamba kodi haikulipwa. Waliupora mji, wakamweka mtawala wao, wakajenga boma. Mwezi uliofuata wakaichoma Mombasa. Miaka michache baadaye waliliacha boma lile na kuondoka, na Kilwa haikurudi kuwa ilivyokuwa.

Nilizunguka kioo hadi mlinzi akaja kuniambia muda umekwisha. Sikuwa na mtu wa kumgeukia nikamwambia: hii ni yetu, soma hapa. Uchovu wa siku nzima uliniingia hapo kwa mara moja, magotini na machoni.

Nilirudi kwa miguu. Njiani nilipita barabara inayoitwa Poço dos Negros, Shimo la Weusi. Mwaka 1515 Mfalme Manuel, huyuhuyu wa monstransi, aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa kuwa zilikuwa zikiachwa bila kuzikwa na kuuchafua mji. Leo ni barabara ya mikahawa. Vijana walikuwa wameketi nje wakicheka, jua limeshuka, taa zinawashwa. Nikasimama, nikawaombea dua wale waliotupwa pale, kisha nikaendelea kupanda.

Nimeiwaza safari ile mara nyingi, na hukumu yangu haijabadilika. Katika yote niliyoyaona Lisbon siku ile, mnara, kaburi, utawa na ngome, kitu kidogo kuliko vyote ndicho kilichosema kwa maneno ya mfalme mwenyewe utajiri ulitoka wapi na ulipatikanaje: kwa kodi, kutoka Kilwa. Hatuhitaji shahidi mwingine.

Walimu wenzangu mnaofundisha sura ya ujio wa Wareno, tafuteni picha ya chombo hiki, ikuzeni, itundikeni karibu na ubao. Watoto wakiuliza ni nini, wasomeeni kilichoandikwa kwenye kitako chake kabla ya kufungua kitabu. Na wanaosoma Lindi, Masoko na Kivinje wapelekwe Kisiwani wiki hiyohiyo, wasimame ndani ya Msikiti Mkuu, waonyeshwe mji ulioilipa dhahabu ile.