Manyatta: Hati, Mafunjo na Kiboko

Nilikwenda Kisumu kwa ajili ya mirathi. Mwenzangu wa madrasa, mzaliwa wa Manyatta, alifariki na kuacha mjane, watoto wanne na kiwanja chenye vyumba vya kupangisha. Jamaa zake wakaniomba nihudhurie mgawanyo.

Sisi wa pwani tukisikia jina hilo hudhani ni boma la Wamasai na ng'ombe zao. Manyatta ya Kisumu ni mtaa, mabati yamebanana hata maji ya vyombo ya jirani hupita mlangoni pako. Zamani palikuwa mashamba ya koo za Waluo, nje ya mji uliozaliwa reli ilipofika ziwani mwaka 1901. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mipaka ya mji ilipanuliwa ikayameza mashamba hayo, na wakulima wakawa wenye nyumba.

Kikaoni nilieleza kwamba mjane mwenye watoto hupata thumni. Mzee mmoja akasema kwao mwanamke harithi ardhi. Nilijiandaa kumjibu, lakini mjane akanitangulia: "Sheikh, hati ina jina la babu yake marehemu. Thumni ya kitu kisicho na jina la mume wangu ni kiasi gani?" Sikuwa na jibu, na sioni haya kukiri.

Alasiri shemeji alitupeleka, mimi na mwanawe, hadi Dunga, kusini mwa mji, anakonunua mafunjo ya kusukia mikeka. Njiani tulipita hifadhi ya swala pala, eneo dogo kando ya ziwa, chini ya nusu kilomita ya mraba, lililotengwa na serikali mwaka 1992. Swala hao walikuwapo kabla ya mji. "Hawa wana hati," akasema shemeji, tukacheka.

Dunga mafunjo yamesimama marefu kuliko mtu. Wanawake huyakata, huyaanika, huyasuka, na kila mmoja anajua sehemu ya mwenzake bila karatasi. Kwa Katiba ya 2010 ziwa ni ardhi ya umma. Ukingoni, hata hivyo, mafunjo huchomwa na bustani za mboga husogea mbele. Kiboko, ambaye Waluo humwita rao, hutoka majini usiku kutafuta malisho, na njia yake ya zamani sasa inapita katikati ya sukumawiki. Mkulima humlaumu kiboko. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imetaja fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Mwanamke ambaye mafunjo yake yamechomwa, sikumwona wa kumfidia. Nilikumbuka mikoko yetu, na kina mama wanaookota chaza chini yake.

Tulirudi Manyatta baada ya Isha. Nikawaambia jamaa kwamba tumeanzia katikati: mirathi ya babu haijagawanywa, na bila kuifungua hakuna thumni wala fungu la mtu yeyote, wakiwamo wao wenyewe. Yule mzee alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba kalamu. Tukaanza kuandika warithi wa babu, wa kike kwa wa kiume, pamoja na shangazi walioolewa mbali wasioulizwa neno miaka yote hiyo. Tulipofika jina la kumi na moja umeme ulikatika, shemeji akaleta mshumaa.